osu! kwa mkono uliozoea chapuo: inapofaa na inapopwaya

Mtu aliyekulia Lamu hahitaji kufunzwa kwamba ngoma moja ina sauti mbili. Tari likipigwa katikati hunguruma, likipigwa ukingoni hulia kavu. Mwenye mkono mzuri anajua pigo lipi alizamishe, lipi aliguse tu, na wapi anyamaze ampishe mwenzake. Kwa hiyo katika gemu zote za mdundo, ya kuzungumziwa huku kwetu ni osu!, na hasa upande wake wa taiko, maana huo umejengwa juu ya sauti hizo hizo mbili. Ni gemu nzuri sana na ni ya bure. Ila ina mahali inapopwaya, na mahali penyewe huonekana wazi pale unapoiwekea chakacha, ngoma yetu ya pwani.

osu! ilitolewa mwaka 2007 na Dean Herbert wa Australia, anayejulikana mtandaoni kwa jina la peppy. Wazo lilitoka kwenye Osu! Tatakae! Ouendan, gemu ya Nintendo DS ya mwaka 2005 ambayo mchezaji anagusa viduara kwa kufuata wimbo. Ndani ya osu! kuna michezo minne: huo wa viduara, catch ya kudaka matunda, mania ya vitufe vinavyoshuka kwa safu, na taiko, inayofuata mtindo wa Taiko no Tatsujin, mashine za ngoma za Namco zilizoanza Japani mwaka 2001. Toleo jipya linaitwa lazer. Linakwenda kwenye Windows, macOS, Linux, Android na iOS, na hakuna wimbo uliofungiwa nyuma ya malipo.

Kwenye taiko, viduara vinakuja kutoka kulia kwenda kushoto juu ya utepe mmoja. Chekundu ni pigo la katikati, cha buluu ni la ukingoni. Kwenye kibodi, lazer huanza na F na J kwa katikati, D na K kwa ukingo, hivyo kila mkono una sauti zake mbili kama unavyotakiwa kuwa nazo. Kiduara kikubwa kinataka mikono yote miwili kwa mara moja. Utepe wa manjano ni wa kuchanganya mapigo kwa kasi. Kwenye simu, ngoma inachorwa chini ya kioo na vidole vinne vinatosha. Jambo moja limepangwa kwa huruma: mita ya uhai inaanza tupu na hesabu yake inafanywa mwisho wa wimbo. Ukimaliza ikiwa nusu au zaidi umepita. Mgeni hatupwi nje katikati ya wimbo, anaupiga wote hata kama anakosea, na mdundo haujifunzwi kwa njia nyingine.

Uzuri ninaouweka mbele ya yote ni kipimo. Kila ramani ya wimbo, yaani mpangilio wa viduara vyake, ina namba iitwayo OD, kutoka 0 hadi 10, inayosema gemu iwe kali kiasi gani. Kwenye taiko, pigo safi ni lile lililo ndani ya milisekunde 50 ukitoa mara 3 ya OD, mbele au nyuma ya mahali pake. Kwa OD 5 unabaki na milisekunde 35 kila upande. Pigo la daraja la pili linakubaliwa hadi 80. Likizidi hapo limepotea, na mfululizo wako umekatika. Milisekunde 35 ni ule mpasuko mdogo unaosikika watu wawili wanapolenga pigo moja, mmoja akachelewa kidogo tu. Fundi wa tari atakwambia, "Wakimbia." osu! itakwambia unakimbia kwa milisekunde 14.

Mwisho wa kila wimbo fungua ukurasa wa takwimu uangalie namba mbili. Ya kwanza ni wastani wa kosa: je, kwa jumla unawahi au unachelewa, na kwa milisekunde ngapi. Ya pili inaitwa UR. Igawanye kwa 10, utapata mapigo yako yametawanyika milisekunde ngapi kuzunguka huo wastani. UR ya 100 ni mtawanyiko wa milisekunde 10. Namba hizi mbili zisomwe pamoja, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wakalaumu mkono kwa kosa la chombo au chombo kwa kosa la mkono. Wastani ukiwa mbali na sifuri lakini UR ni ndogo, mkono wako ni mzima, sauti ndiyo inayofika imechelewa. UR ikiwa kubwa, hata wastani uwe sifuri kamili, kazi ipo kwenye vidole.

Sauti kuchelewa ndilo tatizo la kwanza kwa kila anayechezea simu. Visikizi vya Bluetooth huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 250, kutegemea vilivyotengenezwa. Kwa filamu hutajua, kwa sababu programu ya video huisubirisha picha. Kwa gemu ya mdundo umekwisha, maana pigo linalosikika sasa gemu imeshalihesabu kuwa limepita. Tumia visikizi vya waya au spika ya simu yenyewe. Kisha fanya hivi: chagua wimbo mwepesi wenye kasi isiyobadilika, baina ya mapigo 120 na 150 kwa dakika, uupige mara tatu bila kuangalia sana kioo, ukifuata sikio. Baada ya mara ya tatu, lazer inakupa kitufe cha kusahihisha kwa kutumia mchezo uliopita. Kubonyeza hicho kunasahihisha wimbo huo peke yake. Ukiona nyimbo tatu nne tofauti zote zinataka kusogezwa upande mmoja kwa kiasi kinachokaribiana, nenda kwenye mipangilio ya sauti urekebishe kipimo cha jumla, kisha rudisha za nyimbo kwenye sifuri. Usirekebishe zote mbili kwa pamoja, utapoteza siku nzima ukifukuza kosa lile lile huku na huku. Na ukibadilisha visikizi, anza upya.

Sasa chakacha.

osu! inamruhusu mtu yeyote kutengeneza ramani ya wimbo wowote alio nao, na kihariri kiko ndani ya gemu yenyewe. Hili ni jambo kubwa. Ukiangalia maktaba yake utakuta nyimbo za katuni za Kijapani na muziki wa kielektroniki kwa wingi wa kupindukia, na za pwani yetu ni za kutafuta kwa tochi. Lakini mlango uko wazi, na ramani ni faili ya maandishi matupu unayoweza kuifungua kwa Notepad ukaisoma mstari kwa mstari.

Chakacha inakwenda kwa sita: kila mzunguko una mapigo madogo sita, na utamu wake ni kwamba sita hizo zinagawanywa kwa namna mbili kwa wakati mmoja. Ngoma moja inazihesabu mbili mbili za tatu, nyingine tatu tatu za mbili. Tuseme mzunguko mmoja unachukua sekunde moja kamili, milisekunde 1000. Vumi, ngoma ya sauti nzito, linapiga kwenye 0 na 500. Chapuo, ngoma ndogo, inapiga kwenye 0, 333 na 667. Zinakutana mwanzo wa mzunguko, kisha zinapishana: chapuo, vumi, chapuo. Kwa mdomo ni DUM, kimya, tak dum tak, kimya, DUM.

Mtengenezaji wa ramani akiingia kichwakichwa ataiambia gemu kwamba wimbo una mapigo manne kwa kila mzunguko, maana kihariri huanza hivyo, na kila kitu kitaonekana kimekaa kombo. Njia iliyo safi ni kuweka BPM (mapigo kwa dakika) 180 na mapigo matatu kwa mzunguko. Kwenye BPM 180 kila pigo ni milisekunde 333.33, matatu ni 1000, na nusu ya pigo ni 166.67, ambayo ndiyo lile pigo dogo la sita. Kwenye faili, mstari wa kasi utasomeka hivi, ikiwa wimbo unaanza kwenye sekunde ya pili:

2000,333.333333333333,3,1,0,70,1,0

Namba ya kwanza ni wakati, ya pili ni urefu wa pigo, ya tatu ni idadi ya mapigo kwenye mzunguko. Kisha mzunguko wenyewe ni mistari minne:

256,192,2000,1,4,0:0:0:0:
256,192,2333,1,8,0:0:0:0:
256,192,2500,1,0,0:0:0:0:
256,192,2667,1,8,0:0:0:0:

Namba ya tatu ni wakati wa pigo. Ya tano ndiyo sauti: 0 ni katikati, 8 ni ukingo, 4 ni katikati kwa mikono miwili. Vumi limekuwa chekundu, chapuo imekuwa ya buluu. Unaweza pia kuweka BPM 120 na mapigo mawili kwa mzunguko, ukagawa kila pigo kwa tatu. Hesabu itatoka ile ile. Tofauti iko kwa macho: kwenye taiko viduara hukimbia kwa kadiri ya BPM, kwa hiyo kwenye 180 vinaachana zaidi na vinasomeka vizuri pale chapuo inapozidi kuchanganya.

Angalia ule mstari wa 2000, maana udhaifu mkubwa wa gemu hii umelala hapo. Wakati huo ngoma mbili zimekutana. Utepe ni mmoja, na hauwezi kubeba chekundu na buluu mahali pamoja. Ukiandika vumi, chapuo imekosa pigo lake la kwanza. Ukiandika chapuo, mzunguko umekosa mguu. Nimeweka kiduara kikubwa kwa sababu mikono yote miwili inashughulika, na huo ni ujanja tu, sauti ya chapuo haimo. Anayejifunzia hapa atapata mkono unaojua mchanganyiko wa ngoma mbili kana kwamba ni ngoma moja iliyopindapinda, wala hatajua ni ya nani ipi. Halafu siku akikabidhiwa chapuo mbele za watu, vidole vyake vitataka kupiga na mapigo ya vumi.

Udhaifu wa pili ni kwamba gemu inaamini saa kuliko watu. Muziki uliotengenezwa kwa kompyuta una BPM moja toka mwanzo hadi mwisho. Ngoma ya watu hupumua: mwimbaji akipandisha, wapigaji hupanda naye. Chukua ngoma inayokwenda 120, milisekunde 500 kwa pigo, kisha ikaongezeka hadi 122, milisekunde 491.8 kwa pigo. Masikio hayataona tofauti. Ramani iliyobaki kwenye 120 itakuwa imekosea kwa milisekunde 8.2 kila pigo: baada ya mapigo manne ni 33, bado uko salama kwa OD 5, baada ya mapigo kumi ni 82, na mchezaji anayepiga sawasawa na wimbo ataandikiwa kukosa. Hajakosa yeye, ramani ndiyo imekosa.

Dawa ipo ila ni ya jasho. Weka mstari mpya wa kasi kila mzunguko wa nne, na ngoma ikiwa inabadilika sana, kila mzunguko. Kwenye kihariri cha lazer kuna ukurasa wa kupanga kasi unaoonyesha mawimbi ya sauti; sogeza mstari hadi ukae kwenye ukingo wa kupanda kwa wimbi, pale ngozi ilipopigwa, wala si kwenye kilele chake. Sikiliza kwa kasi ya nusu, kisha kwa robo. Usipange kwa kufuata udi wala sauti ya mwimbaji, wao huchelewa kwa makusudi na huo ndio usanii wao. Fuata pigo zito la vumi. Wimbo wa taarabu huweza kwenda dakika kumi na zaidi, usijitwishe wote. Kata sekunde 90 zenye kiitikio na ngoma iliyo wazi, utakuwa na mizunguko kama 90 ya kushughulikia, kazi ya jioni mbili tatu.

Kuhusu kurekodi: simu inatosha, ila iwekwe hatua nne tano kutoka kwa ngoma na isielekezwe kwenye upepo. Sauti iliyotumwa kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp imeshabanwa kwa ajili ya maneno na haifai. Itumwe kama dokumenti. Ifungue kwa Audacity, ambayo ni ya bure, uihifadhi kama MP3 ya 192 kbps isiyobadilikabadilika. MP3 yenye kiwango kinachopanda na kushuka huchezesha hesabu ya wakati unaporukia katikati ya wimbo, ukadhani umekosea kasi kumbe ni faili. Na jambo la adabu: kasida za Maulidi si za kugeuzwa mchezo bila idhini ya wenyewe. Rekodi mazoezi ya ngoma tupu, na uwaulize wapigaji kabla.

Kitu ambacho wachezaji wachache wa huku wanakitumia, na ni kitamu mno, ni kubadilisha sauti za mapigo. Kwa kawaida ukibonyeza unasikia ngoma ya Kijapani. Ndani ya folda ya mwonekano wa gemu weka faili yako ya taiko-normal-hitnormal.wav iwe pigo la katikati la chapuo, na taiko-normal-hitclap.wav iwe la ukingoni. Rekodi pigo moja moja, kavu, ndani ya chumba chenye mapazia. Kisha kuza picha ya sauti kwenye Audacity ukate kimya chote kilicho mwanzoni, mpaka wimbi lianze kwenye sifuri. Ukiacha milisekunde 20 za kimya, kila pigo lako litasikika limechelewa kwa 20, utaanza kuwahi ili kufidia, na wastani wako utaharibika bila kujua kwa nini.

Upande wa mashindano nausifu nusu. Kila mchezo mzuri unapewa alama za pp, na alama hizo hupungua thamani kwa zamu: mchezo wako bora unahesabiwa wote, wa pili asilimia 95, wa tatu asilimia 95 ya hiyo, na kuendelea. Inasukuma watu kukaza mkono. Inawasukuma vilevile kuzikimbilia ramani za kasi zinazolipa, kurudia wimbo mmoja mara mia na kuacha mzima mzima midundo ya tatu na sita, kwa sababu hiyo haina malipo ya kutosha. Wewe ukitaka mkono wa ngoma, usiiangalie hiyo namba. Angalia UR.

Bando: ramani nyingi ni baina ya MB 5 na 20, na zenye video huzidi hapo sana. Kwenye tovuti chagua kupakua bila video. Faili ya ramani, ya .osz, ukishaipata mara moja unaweza kuigawa kwa flashi, na wimbo ukishaingia unachezwa bila mtandao.

Hewa ya chumvi haina huruma na vifaa. Ncha ya visikizi ikianza kuota ukijani sauti hukatika upande mmoja; ipanguse kwa pamba yenye spirti, kila wiki mbili wakati wa kusi. Vitufe vinne vya taiko huchakaa kabla ya vingine, na kitufe kinachoshikashika kinaonekana kwenye UR kabla hujakihisi kidoleni. Hamisha mapigo kwenye Z, X, C na V ikiwa D na K zimechoka. Kioo cha simu chenye jasho huruka mapigo, kitambaa kikavu cha pamba kiwe pajani. Kifundo cha mkono kikiuma, simama. Usipige ukiwa umekilaza kwenye ukingo wa meza.

Kuhusu ule udhaifu wa utepe mmoja, njia iliyo bora ninayoijua ni kutengeneza ramani mbili za wimbo ule ule ndani ya faili moja. Ya kwanza ina vumi peke yake: 2000, 2500, 3000, 3500, vyote vyekundu. Ya pili ina chapuo peke yake: 2000, 2333, 2667, 3000. Mmoja akae na laptopu apige ramani ya vumi, sauti ya wimbo ikiwa chini na ya mapigo ikiwa juu, itoke kwenye spika. Mwenzake akae ubavuni na chapuo ya ngozi. Aache mizunguko minne ipite, kisha aingie kwenye pigo la kukutana. Dakika tano, halafu wabadilishane. Aliyekaa kwenye laptopu akiutazama upya mchezo wake (replay) ataona ni mzunguko gani chapuo ya mwenzake ilimvuta nje ya mstari, na hapo ndipo pa kurudia.